Njia rahisi hifadhini kwa anayeanza: hesabu kwanza nguvu za kurudi

Mara ya kwanza nilipotembea kwa miguu ndani ya hifadhi ya taifa nilikuwa na umri wa miaka 44, na kosa nililolifanya siku hiyo lilikuwa kosa la hesabu. Tulikuwa watu kumi na mmoja wa ofisi moja, tumeondoka Morogoro kwa basi dogo la kukodi kwenda Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, tukachelewa njiani kwa pancha mbili, na tulipofika Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi, saa 6 mchana ilikuwa imekwisha kupita. Askari wa uhifadhi aliyetupokea alitushauri kwa upole, tena zaidi ya mara moja, kwamba kwa saa ile ingetufaa njia fupi inayoanzia karibu na ofisi yao, na kwamba maporomoko ya Sanje tuyawekee siku nyingine. Sisi tulikuwa tumekuja kwa ajili ya Sanje, tulikuwa tumewaahidi watu wa nyumbani picha za Sanje, na tukang'ang'ania Sanje.

Kupanda hakukunishinda. Nilipanda nikizungumza na kucheka, nikawapita vijana wawili wa idara yetu, na nilipofika juu nikaamini kwamba kutembea milimani ni jambo jepesi kuliko nilivyokuwa nikisikia. Kilichonishinda ni kurudi. Robo saa tu baada ya kuanza kuteremka mapaja yalianza kutetemeka, magoti yakakataa kukunjika vizuri, kucha za vidole gumba zikawa zinagonga ncha ya kiatu kwa kila hatua, na kwa kuwa kundi huenda kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa, na aliye nyuma kabisa nilikuwa mimi, giza lilitukuta bado tuko msituni. Saa nzima ya mwisho tuliitembea kwa tochi za simu. Hakuna aliyeumia, lakini mwenzetu mmoja alisema hatakanyaga tena hifadhini, na mpaka leo, miaka tisa baadaye, hajakanyaga. Ninamkumbuka yeye kila ninapoulizwa, na siku hizi naulizwa mara kwa mara, mtu ambaye hajawahi kutembea aanzie wapi.

Jibu langu ni kwamba aanze na njia atakayoimaliza akiwa bado ana nguvu ya kutembea nyingine kama hiyo. Watu wengi huuliza urefu wa njia kwa kilomita, wakisikia kilomita nane husema kwamba hizo ni kama kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi, kisha huingia porini na hesabu ya barabara ya lami. Kilomita peke yake hazitoshi. Ulizia pia njia inapanda mita ngapi, na saa za kwenda na kurudi kwa mtu wa kawaida. Wapanda milima wana kanuni ya zamani, iliyotolewa na Mskochi William Naismith mwaka 1892, inayosema kwamba kila kilomita tano zihesabiwe saa moja, na kila mita 600 za kupanda ziongezewe saa moja nyingine. Chukua njia ya kutoka lango la Marangu kwenda kituo cha Mandara kwenye Mlima Kilimanjaro, ambayo ina kilomita nane hivi na hupanda mita 850 hivi: kilomita zinakupa saa moja na dakika 36, mwinuko unakupa saa moja na dakika 25, na jumla yake ni saa tatu bila mapumziko. Anayeanza aongeze theluthi juu ya hapo, zifike saa nne, kwa sababu atasimama kunywa maji, atasimama kupiga picha, na atasimama kwa sababu pumzi imekwisha. Nimeitumia hesabu hii katika hifadhi kadhaa na bado haijanipotosha.

Kuteremka huchukua muda mfupi kuliko kupanda, lakini kwa mwili ambao haujazoea ndiko kunakoumiza zaidi, kwa kuwa paja hulazimika kuuzuia uzito wa mwili kila mguu unapotua, na kazi hiyo hatuifanyi katika maisha ya kukaa ofisini na kupanda daladala. Ndiyo maana mazoezi yangu ya kumwandaa mtu huwa ya kushuka kuliko ya kupanda. Kwa sisi wa Morogoro ni rahisi, kwa sababu mjini kwenyewe tuna miguu ya milima ya Uluguru, na njia ya kwenda Morningside humfundisha mtu yote mawili kwa asubuhi moja. Aliye Dar es Salaam au Mombasa atumie ngazi za jengo lolote la ghorofa nne au tano: apande taratibu, ashuke taratibu zaidi, mara tatu kwa wiki kwa wiki sita, na wiki mbili za mwisho abebe mgongoni begi lenye chupa mbili za maji. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au pumu amwone daktari kabla ya kuanza, kama nilivyofanya mimi mwenyewe kwa sababu ya presha. Mwenye selimundu asiende kabisa sehemu za juu za mlima bila daktari wake kuridhia, kwa kuwa hewa yenye oksijeni pungufu inaweza kumletea maumivu makali.

Kama miguu bado ni mizito kabisa, au unasafiri na mzee au mtoto mdogo, anza mahali pasipo na kilima. Nilipotaka kumpeleka mama yangu mzazi, akiwa na miaka 71, nilichagua Jozani huko Unguja, hifadhi ya taifa ya Zanzibar inayounganisha msitu na Ghuba ya Chwaka. Njia zake ni tambarare, sehemu ya msituni ina kivuli kizito, na sehemu ya mikoko hupitwa juu ya njia ya mbao, hivyo mguu haukutani na tope wala mizizi. Kima punju, ambao nje ya Zanzibar huwaoni porini popote, hukaa karibu na njia kiasi kwamba mwongozaji hulazimika kuwakumbusha watu wasiwasogelee. Mama alitembea kwa saa moja na nusu, akakaa kwenye benchi mara mbili, na jioni akauliza safari ijayo ni lini. Hiyo ndiyo alama ya njia iliyochaguliwa vizuri.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha nayo inamfaa anayeanza, ila kwa namna nyingine. Hapo unatembea ukiwa na askari mwenye bunduki, kwa sababu nyati ni wengi na hukutana na watu uso kwa uso katika uwanda wa majani ulio karibu na lango la Momella. Simba kwa kawaida hawakai humo, jambo ambalo huwatuliza wengi, lakini nyati dume aliye peke yake si mnyama wa kuzoewa. Matembezi ya kwenda maporomoko ya Tululusia na kurudi huchukua saa mbili na nusu hivi kwa mwendo wa kustarehe, unavuka uwanda, unawapita twiga na ngiri, kisha unapanda kidogo kuingia msituni chini ya Mlima Meru. Sheria za hapo ni chache na hazina mjadala: tembea kwa mstari mmoja nyuma ya askari, usivae nguo za rangi kali, usinyanyue sauti, na akiinua mkono simama papo hapo hata kama huoni kitu. Mara moja alitusimamisha kwa dakika kumi na mbili bila neno, nyati wakavuka mbele yetu na ndama wao, ndipo tukaendelea. Baadhi yetu walinong'ona kwamba tunapoteza muda. Niliwaambia tukiwa tumerudi langoni, na narudia hapa, kwamba kusubiri mnyama apite ni sehemu ya matembezi, na muda huo inafaa uwe ndani ya hesabu yako tangu asubuhi.

Sasa nirudi Udzungwa, kwa kuwa kama ningeruhusiwa kumpeleka anayeanza mahali pamoja tu, ningempeleka huko. Hifadhi hii iliyoanzishwa mwaka 1992 ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na ndani yake hakuna barabara ya magari ya kitalii: atakaye kuiona huiona kwa miguu. Msitu wake huanzia chini kabisa, karibu na mashamba ya miwa ya bonde la Kilombero, penye mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari, na hupanda hadi zaidi ya mita 2,500. Wamo mbega wekundu wa Udzungwa na mangabi wa Sanje, tumbili ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, na hakuna mlima mwingine duniani utakaokuonyesha wawili hao. Kufika ni rahisi pia: gari hutoka Mikumi kwa barabara ya Ifakara, na treni ya TAZARA ina kituo Mang'ula.

Kinachonifanya niipende kwa wanaoanza ni kwamba njia zake zimepangana kama madarasa. Ipo njia ya maporomoko ya Prince Bernhard, ambayo huanzia makao makuu, ina kilomita moja, na huchukua dakika 40. Ipo ya Sonjo, yenye kilomita mbili na nusu na muda wa saa mbili, inayopita katika miombo kabla ya kufika kwenye maji. Ndipo ipo Sanje, mzunguko wa saa nne hadi tano, unaokuleta kwenye maporomoko yenye kimo cha mita 170 hivi, na juu yake unaliona bonde zima la Kilombero, miwa ikiwa imelala chini kama mkeka wa kijani. Ipo pia ya kilele cha Mwanihana, ambayo ni ya siku tatu na haimhusu msomaji wa makala hii.

Mwaka mmoja baada ya aibu ya tochi za simu nilirudi Mang'ula na mdogo wangu, na safari hii tulifanya kama tulivyokuwa tumeshauriwa mwanzo. Siku tuliyofika tulitembea njia ya Prince Bernhard tu, jioni tukanyoosha miguu na kulala mapema. Siku ya pili tukaenda Sonjo. Siku ya tatu, saa 1 asubuhi, tukawa tumekwisha kufika mwanzo wa njia ya Sanje, ambao uko kilomita kumi hivi kaskazini mwa ofisi, kwenye kijiji chenye jina hilohilo. Nilichokutana nacho siku ile sikuwa nimekiona mara ya kwanza, ingawa njia ilikuwa ileile. Nilisikia hondohondo wakiruka juu ya miti kwa mshindo wa mbawa zao, niliona kinyesi cha tembo kikiwa bado kinatoa mvuke na mwongozaji akitubadilishia mwelekeo kwa sababu yake, na chini ya maporomoko nilikaa nusu saa miguu ikiwa majini, bila kutazama saa. Mara ya kwanza nilikuwa nimetazama visigino vya mtu aliyenitangulia tangu mwanzo hadi mwisho.

Joto la Kilombero ndilo adui wa kweli wa hapo, na wageni kutoka mikoa ya baridi hulidharau. Unaanzia chini, penye unyevu mwingi hewani, na jasho halikauki. Beba lita mbili za maji kwa kila mtu kwa njia ya Sanje, uyanywe kidogo kidogo kabla kiu haijakushika, na uwe na kitu chenye chumvi. Karanga za chumvi hunitosha mimi. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo mizuri kwa kuwa ardhi ni kavu. Mvua zikianza, udongo wa mteremko huwa kama sabuni, na njia ya saa nne inaweza kuwa ya saa sita. Suruali iingizwe ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, ambao hupatikana hasa baada ya mvua, na usiku usilale bila chandarua, maana bonde hili lina malaria, kiasi kwamba Ifakara iliyo jirani imejulikana duniani kwa utafiti wa ugonjwa huo.

Juu ya vifaa sitasema mengi, kwa sababu naona watu wengi wakiahirisha safari kwa kudhani lazima wanunue duka zima. Isipokuwa viatu. Raba imara yenye meno kwenye soli inatosha kabisa kwa njia zote nilizozitaja, alimradi iwe imevaliwa angalau wiki tatu kabla, iwe kubwa kiasi kwamba kidole gumba kisiguse mbele unapoteremka, na ufunge kamba kwa nguvu sehemu ya juu ya mguu kabla ya kuanza kushuka. Kata kucha za miguu siku mbili kabla. Viatu vya mlima vya mtumba ni vizuri na vya bei nafuu, lakini vingi vimekaa ghalani miaka mingi na gundi imekufa: kinachoonekana kipya sokoni hubanduka soli yote katikati ya njia. Nimeliona hilo likitokea mara mbili, na mara zote mbili mtu alirudi kiatu kikiwa kimefungwa kwa kamba ya begi. Kikunje kiatu kwa nguvu kabla hujalipa, kisha ukitembelee wiki nzima mtaani. Jinzi uiache nyumbani, kwa maana ikilowa huwa nzito na haikauki. Kanga, kwa upande wangu, haikosekani kwenye begi: nimeifanya taulo, nimeikalia, nimeifunika kichwani jua lilipokuwa kali, na siku moja tulimfungia kijana aliyeteguka kifundo cha mguu, akafika chini. Fimbo moja ya kawaida, inayokufika kiunoni au juu kidogo, itayaokoa magoti yako kuliko dawa yoyote ya kuchua.

Chakula kiwe kile tumbo lako linachokijua. Ninabeba viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, ndizi mbivu na hizo karanga, navila kwa vipande kila baada ya saa moja na nusu, badala ya kusubiri mlo mmoja mkubwa ambao baadaye hulala tumboni kama jiwe. Vyote hufungwa ndani ya chombo au kitambaa, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na maji yawe kwenye chupa ya kujaza tena. Nyani na tumbili wanajua sauti ya pakiti ya biskuti kuliko unavyodhani. Usiwape chochote hata kama mtoto analia uwape, kwa sababu nyani aliyezoea kupewa huanza kunyang'anya, na mwisho wake huwa mbaya kwa nyani mwenyewe.

Siku utakapojiona kwamba umemaliza Sanje na kesho yake umeamka bila kushika ukuta, mwili wako uko tayari kwa Mandara. Watanzania wengi hawajui kwamba Mlima Kilimanjaro unaweza kutembelewa kwa siku moja, bila hema wala siku tano za likizo. Unaingia lango la Marangu asubuhi pamoja na mwongozaji mwenye leseni, ambaye ni lazima, unapanda msituni hadi Mandara kwenye mita 2,720 hivi, na jioni unalala Moshi. Njia ni pana, imetunzwa, na hakuna mahali pa kushika kwa mikono. Mbega weusi kwa weupe hukaa kwenye miti mirefu iliyovaa kuvu ndefu kama ndevu, kima nao hushuka karibu na mabanda. Ukifika Mandara na miguu bado inakutii, tembea robo saa zaidi hadi kreta ya Maundi, ambako msitu hukatika ghafla ukabaki kwenye majani na upepo, na siku isiyo na mawingu utaviona vilele vya Mawenzi na Kibo, na upande wa pili nyanda zinazoingia Kenya. Mimi nimefika Maundi mara nne na nimeviona vilele mara mbili. Nenda mapema: mawingu ya Kilimanjaro hupenda kufunga kabla ya saa sita.

Hapo ndipo nilipofundishwa mwendo. Mwongozaji wetu, kijana wa Marangu aliyekuwa na umri wa mwanangu, alinitazama dakika ishirini za kwanza nikikazana, kisha akarudi nyuma akatembea nami bega kwa bega na kuanza kuniuliza habari za Morogoro, kazi, watoto, na mvua za mwaka huo. Nilimjibu kwa vipande. "Mama," akasema, "ukishindwa kunijibu sentensi nzima, basi tumekwenda mbio. Tupunguze mpaka unisimulie vizuri." Tukapunguza, tukapitwa na kila mtu, na saa mbili baadaye wengi wa waliotupita tuliwakuta wamekaa kando ya njia wakihema. Tangu siku hiyo hicho ndicho kipimo changu, na kila ninayempeleka humwekea mtu wa kuzungumza naye, ambaye kazi yake ni kuuliza maswali yanayohitaji majibu marefu.

Kuna mambo mawili ya Mandara ambayo hayako Udzungwa. La kwanza ni baridi: kila unapopanda mita elfu moja joto hupungua kwa nyuzi sita hivi, hivyo aliyeanza langoni kwa fulana atahitaji sweta na koti la mvua juu, na avae kabla jasho halijapoa mwilini, si baada ya kuanza kutetemeka. La pili ni kimo. Katika mita 2,700 watu wengi hawahisi kitu, lakini baadhi huumwa kichwa au hupatwa na kichefuchefu, na aliyepatwa hapaswi kuona haya kusema. Dawa ya kimo ni kushuka. Nimewahi kumrudisha binamu yangu akiwa na dakika kumi na tano tu kufika mabandani, akalalamika njia nzima kwamba kichwa ni kidogo, na tulipofika usawa wa chini kikamwacha. Mlima ulikuwa bado upo mwezi uliofuata, na aliufika bila shida.

Kwa msomaji wa Kenya nitaitaja Hell's Gate, karibu na Naivasha, kwa sababu ni mojawapo ya hifadhi chache ambazo mtu huruhusiwa kutembea na hata kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na swala, na ardhi yake ya juu ni tambarare. Lakini korongo lake, ambalo ndilo wengi hulifuata, linadai heshima ya pekee. Maji hujaa humo kwa ghafla, wakati mwingine kwa mvua iliyonyesha mbali ambayo wewe hukuiona, na mafuriko ya aina hiyo yaliua watu mwaka 2012 na tena mwaka 2019. Anga ikiwa nzito upande wowote, korongoni usiingie, hata ukiwa umelipia na umetoka mbali. Tahadhari hiyo naifuata katika kila njia inayopita kwenye mto au chini ya maporomoko, popote pale.

Neno fupi juu ya malipo, kwa kuwa watu huogopa bei wanazozisikia kwa wageni. Raia wa Afrika Mashariki hulipa viingilio vya hifadhi za Tanzania kwa shilingi na kwa kiwango cha chini mno ukilinganisha na mgeni, ila lazima uonyeshe kitambulisho. Kiache nyumbani uone itakavyokugharimu. Ulizia mapema kwa simu namna ya kulipa, kwa sababu malango mengi hayapokei fedha taslimu, na ulizia pia gharama ya mwongozaji, ambayo hupungua mkiwa kundi la watu watano au sita. Zaidi ya wanane sikushauri kwa mara ya kwanza, kwani kundi kubwa huchelewa kuanza, huchelewa kula, na huchelewa kurudi.

Kuchelewa kurudi ndiko nilikoanzia, na ndiko ninakokuchunga kuliko kitu kingine chochote. Jua hapa kwetu huzama karibu na saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, na chini ya miti mikubwa giza hutangulia kwa nusu saa. Kwa hiyo asubuhi, kabla hatujatoka, tunakubaliana saa ya kugeuka, naiandika kwenye kiganja changu kwa kalamu, na saa hiyo ikifika tunageuka hata kama maporomoko yanasikika mbele yetu. Huwa naiweka saa 6 mchana kwa njia ya Sanje. Mvua kubwa ikinyesha, saa ya kugeuka ni saa hiyohiyo ilipoanza.

Agosti iliyopita niliwapeleka vijana wanne wa kanisani kwetu, wawili kati yao hawajawahi kutoka Morogoro mjini kwa miguu. Mvua isiyotarajiwa kwa msimu ule ilitukuta Sanje tukiwa tumebakiza dakika ishirini kufika juu, na nikamwomba mwongozaji tugeuke. Vijana walinuna, mmoja akasema, kwa adabu lakini kwa uchungu, "Mama, tumefika tayari." Tulishuka taratibu kwa fimbo, tukikanyaga pembeni penye mizizi, na saa 9 alasiri tukawa Mang'ula, tumekaa nje ya mgahawa wa mama mmoja tunakula ugali na samaki wa Kilombero, nguo zikiwa zimeanikwa juani. Yule aliyenuna alikuwa wa kwanza kuuliza nauli ya treni ni kiasi gani, ili Desemba aje na dada yake.